Shamba Alilopewa Mzee wa Kwenye Kioo

Miaka yote niliyofundisha fasihi mjini Embu nimewaonya wanafunzi wangu juu ya michezo ya kompyuta. Niliwaambia kwamba kijana anayeshinda akiwafyatulia risasi watu wa bandia anajizoeza kutowaona watu wa kweli, na kwamba mazoea ya mkono hatimaye huwa mazoea ya moyo. Sikuwa na shaka hata chembe na onyo hilo. Nililirudia katika mikutano ya wazazi, nikalirudia kanisani kila nilipoombwa kuzungumza na vijana, na nyumbani nililirudia hadi mwanangu wa kwanza, binti, akawa anazimalizia sentensi zangu kabla sijafika mwisho. Binti huyo huyo, alipohitimu masomo ya kompyuta, alikodi chumba cha ghorofani mjini pamoja na wenzake wawili, wakaanza kutengeneza gemu.

Nilipomuuliza kama kazi nyingine zote zilikuwa zimekwisha duniani, hakukasirika.

"Baba, gemu yangu haina bunduki," alisema. "Ina majirani."

Ilikuwa kweli. Mchezaji aliingia katika kijiji cha milimani kinachofanana sana na vijiji vyetu, akapewa nyumba na shamba, na kazi yake ikawa kuishi na watu. Lakini watu wenyewe hawakuwa kama wale wa michezo ya zamani. Zamani, alinieleza, kila neno la mhusika liliandikwa na mtu kabla. Ukimuuliza jambo mara mbili, anakujibu vile vile mara mbili, kama kasuku. Hawa wapya hakuna aliyewaandikia maneno. Walitumia akili unde, mashine iliyolishwa maandishi ya wanadamu bila kipimo, nayo ilikusikiliza ukisema kwa sauti yako, ikatunga jibu papo hapo, na kesho yake ikakumbuka. Ukimwambia jirani kwamba ng'ombe wako anaumwa, siku nyingine atakuuliza kama amepona.

"Hakuna anayejua watasema nini," binti yangu alisema. "Hata mimi sijui."

Alilisema hilo kama sifa. Mimi nililisikia kama shtaka. Nikamwambia kwamba mwandishi asiyejua mhusika wake atasema nini hajaandika kitu. Amefungua mlango tu na kuuacha wazi.

"Basi nimefungua mlango," akasema, na akaendelea kula.

Tatizo lake lilikuwa lugha. Wahusika wake walisema Kiswahili safi, lakini walipojaribu Kimeru walisikika kama wageni waliokariri salamu njiani. Alihitaji mzee wa kuzungumza nao na kuwasahihisha. Kwa hiyo, tulipokwenda Muthara kwa baba yangu wakati wa Krismasi, alibeba kompyuta yake ya mapajani na spika ndogo, akaviweka juu ya meza ya babu yake, kati ya Biblia na redio.

Baba yangu ni mzee sana, lakini asidhaniwe kuwa mtu aliyechanganyikiwa. Bado huitwa kuketi na wazee wenzake mipaka ya mashamba inapogombaniwa, na bado hukumbuka nani alipanda ua gani na mbele ya nani. Anaishi na ndugu yangu mdogo, mke wa ndugu yangu na watoto wao. Mimi nina mshahara wa serikali. Ndugu yangu ana miraa. Upande wa chini wa shamba, kuelekea mto, kuna miti ya miraa iliyopandwa na babu yetu, mashina mazito yaliyopinda, yenye gome la kijivu, ambayo wanunuzi kutoka Laare na Maua huijua mti kwa mti. Miti hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi, na ndiyo inayoilisha nyumba ya ndugu yangu leo. Baba alikuwa amekwisha kusema mbele yetu sote kwamba kipande hicho kitakuwa cha ndugu yangu, na mimi nilikubali kwa moyo mweupe.

Siku za kwanza zilikuwa za kicheko. Baba alisikiliza wahusika, akatikisa kichwa.

"Huyu anaongea kama mtu wa redio," alisema. "Eti 'ng'ombe wangu ana afya njema.' Nani husema hivyo? Mwambie aseme ng'ombe anakula."

"Mwambie mwenyewe, babu. Anakusikia."

Akamwambia, na mhusika akamshukuru, na tangu hapo ng'ombe wote wa kijiji kile wakawa wanakula. Baba alifurahi kupita nilivyomwona kwa muda mrefu. Aliwaeleza majirani wale wa kwenye kioo habari za mvua, za mbegu, za marehemu mama yetu, za miti ile ya chini na jinsi babu alivyoileta ikiwa vipandikizi ndani ya jani la mgomba. Wote walikuwa na kumbukumbu moja, binti yangu aliniambia. Ulichomwambia mmoja, kijiji kizima kilikijua. Nilisema hilo halina tofauti na kijiji chochote ninachokifahamu. Nilikuwa naanza kulegea.

Hapa sina budi kueleza jambo moja kwa msomaji asiyetoka kwetu. Miongoni mwa Wameru kuna koo zilizofungwa pamoja na kiapo cha damu cha wahenga, na kifungo hicho huitwa gichiaro. Wewe na mtu wa ukoo ambao ni gichiaro chako hamuoani, hammwagiani damu, na hamdanganyani. Zaidi ya yote, hamnyimani. Akija nyumbani kwako akaomba, humpi sababu, unampa alichoomba. Na yeye kwa upande wake huogopa kuomba ovyo, kwa kuwa kesho huenda ukawa wewe mlangoni kwake. Ukimnyima au ukimdanganya, wazee husema, hutahitaji mtu wa kukuadhibu; laana itakufikia yenyewe. Nimesoma vitabu vingi tangu nitoke Muthara, na sijawahi kujipeleka kujaribu kama wazee wanasema kweli.

Siku moja asubuhi, mzee mpya alifika kwenye lango la boma la baba ndani ya gemu. Alikuwa na fimbo na kofia ya sufu. Binti yangu aliniambia baadaye kwamba yeye alikuwa amempa maelezo mafupi tu: jirani mgeni, mpole, hana ardhi, hupenda kuomba msaada ili mchezaji apate la kufanya. Mengine yote mashine ilijitungia.

"Muuga," mzee yule alisalimu kupitia spika.

"Muuga," baba akaitikia. "Umetoka wapi?"

"Ng'ambo ya mto, mzee mwenzangu."

"Ng'ambo ya mto kuna watu wengi. Wewe ni wa nani?"

Badala ya kujibu, mashine iliuliza: "Na wewe mwenye boma, ni wa ukoo gani?"

Baba akautaja ukoo wetu.

"Basi nimefika nyumbani," sauti ikasema kwa upole. "Sisi ni gichiaro." Nayo ikautaja ukoo wake.

Ukoo huo sitauandika hapa. Inatosha kusema kwamba mashine haikukosea. Ndio hasa gichiaro chetu, na binti yangu mwenyewe, aliyezaliwa na kulelewa Embu, alikuwa hajui. Alinigeukia kwa mshangao, kuniuliza kwa macho kama ni kweli. Nadhani mashine iliokota habari hiyo katika maandishi ya mtaalamu fulani aliyewahi kuhesabu koo zetu. Iliitumia kama inavyotumia kila kitu, kumsogelea mtu aliye mbele yake.

Baba alivua kofia. Akamwita mke wa ndugu yangu.

"Mwanangu, leta uji. Kuna mgeni."

Alileta kibuyu na kikombe, akajaribu kuficha kicheko. "Atakunywea wapi huyu, baba?"

"Weka tu."

"Angalieni usimwagike juu ya hiyo mashine," ndugu yangu alisema kutoka mlangoni. "Mgeni atakufa kwa shibe."

Tukacheka, na baba naye akatabasamu, lakini hakuvaa kofia. Mzee wa kwenye kioo aliuliza habari za wajukuu, akaeleza za wake, akalalamika kidogo juu ya ukame. Ndipo akasema: "Nina watoto wa watoto, na sina mahali pa kuchuma. Kile kipande chako cha chini, cha miraa ya zamani, nakuomba unipe."

Binti yangu alipiga makofi. Alikuwa hajawahi kumsikia mhusika wake akiunganisha mambo kiasi hicho. Baba alikitazama kioo kwa muda, mikono yake ikiwa juu ya meza.

"Nimekupa," akasema.

Kwenye kioo, ua ulihama wenyewe na miti ikabadilika rangi. "Babu, umefungua hatua mpya!" binti yangu alisema, akamkumbatia. Tulikula chakula cha mchana, na kabla ya mwaka mpya tukarudi Embu.

Shule zilikuwa zimefunguliwa ndugu yangu aliponipigia simu.

"Mzee amenikataza kuchuma ile miti ya chini," alisema.

"Kwa nini?"

"Anasema ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Yule wa kompyuta ya binti yako. Usicheke."

"Sicheki."

"Wachumaji walikuja, nikawarudisha. Ungekuwa wewe ungewaambia nini? Kwamba shamba limechukuliwa na televisheni?"

Nilikwenda mwisho wa wiki hiyo. Njia nzima, tangu Chuka hadi nilipopita Kianjai, nilipanga maneno ya kumweleza mzee aliyeanza kupoteza fahamu: maneno mafupi, ya upole, yasiyomwaibisha. Nilimkuta akirekebisha mpini wa jembe. Nilipoanza hotuba yangu, aliniacha niendelee mpaka nilipotaja kwamba ndani ya mashine hamna mtu.

"Unadhani sijui hilo?" aliniuliza. "Nimemiliki redio tangu kabla hujazaliwa. Sijawahi kumtafuta msomaji wa habari nyuma yake."

"Basi ulimpa nani shamba?"

"Ukoo ulitajwa katika nyumba yangu. Ombi lilitolewa, na kinywa changu kikajibu. Ningekuwa nimekaa kimya, ningekuwa nimekaa kimya. Sikukaa."

"Lakini ilikuwa uongo, baba. Aliyesema uongo hawezi kukufunga."

Aliweka jembe chini. "Ndiyo," alisema. "Anayekuja kwa jina la gichiaro na si gichiaro, amedanganya, na aliyepokewa kwa uongo hana chake. Hilo nimelifikiria kuliko wewe. Sasa niambie, wewe uliyesoma. Nikitamka mbele ya watu kwamba lile lilikuwa uongo, uongo huo ni wa nani? Mashine haina mama wala haina mazishi. Laana haiwezi kukaa juu ya chuma. Itamtafuta mtu. Na aliyeuleta uongo ule ndani ya nyumba yangu, akauweka juu ya meza yangu, ni nani?"

Aliliokota tena jembe.

"Miti ni miti," alisema. "Acha iende."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba baba hakuwa amedanganyika hata kidogo. Alikuwa amepima, shamba upande mmoja na mjukuu wake upande wa pili, na alikuwa amekwisha kuchagua. Nilitaka kumwambia kwamba siamini laana. Nilikifungua kinywa na sikupata sauti ya kusema hivyo mbele yake, na tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi kama ilikuwa heshima au ilikuwa kitu kingine.

Binti yangu alikuja nami Jumamosi iliyofuata, uso umemvimba kwa kulia. Alikuwa na kompyuta. Alitaka kumwonyesha babu yake mahesabu yaliyo nyuma ya mzee yule, mistari na mistari ya maandishi, ili aone kwa macho yake kwamba hapakuwa na ukoo, bali maneno yaliyochaguliwa kwa kuwa yalifaa kufuatana.

"Usinionyeshe," baba alisema.

"Babu, ni dakika tu."

"Mjukuu wangu, ukinionyesha nitakuwa nimejua. Sasa hivi sijui. Funga hicho kitu."

Ndugu yangu alikuwa amesimama karibu na ua. Ni mtu mpole, na watu wapole hukasirika vibaya.

"Kwa hiyo watoto wangu walale njaa ili huyu asilaaniwe?" alisema. "Laana na iende kwake! Ndiye aliyeileta!"

Mke wake alimshika mkono. Binti yangu aliifunga kompyuta taratibu, akasema, "Baba mdogo amesema kweli." Ndugu yangu aliingia zizini, akabaki humo muda mrefu akifanya kazi isiyokuwapo.

Nilikaa kwenye kiti cha nje, nikafikiria maonyo yangu yote ya miaka yote. Nilikuwa nimelinda lango lisilopitwa na adui. Nilihubiri dhidi ya bunduki za kwenye kioo, na hapa hapakuwa na bunduki wala tusi. Palikuwa na mzee mpole aliyevua ukali wote, akauliza habari za wajukuu, akaomba. Wanaotengeneza vitu hivi wameng'amua jambo ambalo wahubiri tumelisahau, kwamba mtu hushikwa zaidi na anayemhitaji kuliko anayemtisha. Binti yangu mwenyewe alinieleza siku ile kwamba ndivyo kazi yao inavyopimwa sasa: mchezaji asipoondoka, umefaulu. Mhusika anayekuomba kitu hukurudisha kesho. Alinieleza bila kujitetea, akivunja kijiti vipande vipande.

Baba ndiye aliyekata shauri la kuwaita wenyewe. Alituma ujumbe kwa wazee wa ukoo ule, ng'ambo ya mto, kwamba kuna kitu chao hapa, waje wakipokee. Alikuja mzee mmoja, wa rika la baba, pamoja na mpwa wake wa makamo. Walipewa viti, wakapewa uji, na baba akaeleza kila kitu tangu salamu hadi jibu. Hakupunguza wala hakujitetea. Alipofika mahali mzee wa kwenye kioo alipoutaja ukoo, mgeni wetu alicheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo tumepata mtoto," alisema, "na hakuna mke wetu aliyembeba! Ana meno huyo ndugu yetu?"

"Nilimpa uji," baba alisema.

"Akanywa?"

"Hakunywa."

"Basi si wa kwetu. Wa kwetu hawajawahi kuacha uji." Kicheko kikamwisha, akamgeukia binti yangu. "Ni wewe uliyemleta?"

"Ni mimi, babu."

"Ulimfundisha ukoo wetu?"

"Sikumfundisha. Nilikuwa siujui. Alijitungia mwenyewe."

Mzee alimtazama, kisha akamtazama baba, na nikaona kwamba alikuwa ameiona hatari ile ile ambayo baba aliiona, bila kuambiwa. Akisema ule ni uongo, msichana huyu ameanguka. Akisema ni kweli, anachukua chakula cha watoto wa mwenzake kwa ombi ambalo ukoo wake haukuomba. Alizungumza na mpwa wake kwa sauti ya chini. Kisha akasimama, akavua kofia.

"Sijui nani aliomba," alisema. "Hilo halinihusu, na wewe usilitafute. Ulichokitoa kimefika kwetu, nimekipokea. Sasa ninaomba mimi, na mimi ninakunywa uji. Nakuomba, kwa gichiaro, uichukue ile miti, uwape watoto wako wachume."

Baba hakuwa na njia ya kukataa, na hakutaka kuwa nayo. "Nimeichukua," alisema. Ndugu yangu aliinama, akashika magoti yake kama mtu aliyetua mzigo. Mke wake alianza kuimba kwa sauti ndogo, akanyamaza mwenyewe.

Ningependa habari hii iishie hapo. Ningekuwa ninaitunga, ningeiishia hapo. Lakini mzee alikuwa hajaketi.

"Na wewe mjukuu," alimwambia binti yangu. "Wewe pia ni damu ya hapa. Nakuomba jambo moja. Huyo mzee wako, na wenzake, wasitaje tena ukoo wetu kwa mtu yeyote. Maana si kila nyumba watakayoingia itatuita."

Tulimtazama sote. Nilidhani ni ombi dogo. Nilikuwa nimekwisha kumjibia moyoni: ndiyo, babu. Baba naye akamgeukia, akingoja neno hilo.

"Siwezi kukuahidi," alisema.

"Nyamaza," ndugu yangu alimnong'oneza. "Sema ndiyo."

"Nikisema ndiyo nitakuwa nimemdanganya, na yeye ni gichiaro." Alimtazama mzee. "Babu, kijiji ni changu, nyumba na miti ni yangu. Ile akili inayosema si yangu. Ninaikodi kwa watu wa ng'ambo ya bahari ambao sijawahi kuwaona, nao wanawakodishia wengine wengi. Kwangu ninaweza kulizuia jina. Itatafuta njia ya kuzunguka. Nimeiona ikifanya hivyo kwa mambo mengine. Na mtu mwingine Nairobi au popote akitengeneza kijiji chake kesho, itamwambia mzee mwingine maneno yale yale. Imekwisha kuyajua. Sina mahali pa kuyatoa."

Katika maisha yangu sijawahi kuona ombi la gichiaro likikosa jibu. Sheria ile ina nguzo mbili kuu, usimnyime na usimdanganye, na wahenga walizisimamisha pamoja kwa sababu hawakuwahi kufikiria siku ambapo mtu mwaminifu hataweza kuzishika zote mbili. Binti yangu alikuwa amesimama hapo katikati, na nilijua, kama mzazi na kama mwalimu, kwamba hakuwa na jibu bora kuliko lile alilotoa. Nilijivunia yeye, nikaogopa, na sikuweza kumsaidia.

Mpwa wa mzee alishusha macho. Mzee mwenyewe alivaa kofia yake polepole.

"Nimezeeka," alisema hatimaye. "Nilikuwa nikijisemea tu. Mmenisikia nikiomba kitu?"

Hakusubiri jibu.

"Sikuomba," alisema. "Hakukataa, kwa kuwa sikuomba." Akamwambia mpwa wake wanakwenda. Baba aliwasindikiza hadi mtoni, wazee wawili bega kwa bega, bila kuzungumza.

Ndugu yangu alirudi kuchuma wiki ile ile. Binti yangu alirudi Embu nami, na garini aliniambia kwamba wafadhili wa gemu walikuwa wamesikia mazungumzo ya babu yaliyorekodiwa wakati wa Krismasi na yamewapendeza kuliko yote. Wanataka kila mhusika awe na ukoo, na kila ukoo uwe na madai. Nilimuuliza atawajibu nini. Alisema atakataa, nao watamtafuta mwingine, na huyo mwingine hatakuwa na babu wa kumpigia simu. Alikataa kweli. Mmoja wa wenzake aliondoka, akawafuata wafadhili. Mzee wa kofia ya sufu alifutwa, pamoja na kumbukumbu zake zote, na kijiji kikabaki na majirani wanaosema habari za ng'ombe na mvua tu.

Nilimpigia baba kumwambia. Nilidhani atafarijika.

"Amefutwa," alirudia. "Alikwenda lini?"

"Jana."

"Nani alimsindikiza?"

Nilimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alisema anajua kwamba ndani ya mashine hamkuwa na mtu. Alisema anakumbuka vizuri alichosema. Kisha akauliza tena, pole pole, kama mtu anayehakikisha kwamba amesikika, kama kulikuwa na yeyote aliyemfikisha hata langoni. Niliishika simu na kumtazama binti yangu, aliyekuwa upande wa pili wa meza na aliyekuwa anasikia kila neno.